Usakaji wa Hitilafu: Istilahi na Mbwa wa Roboti

Karibu kila kifaa cha umeme huuzwa na kijitabu, na kurasa za mwisho za kijitabu hicho huwa na jedwali: upande mmoja dalili, upande wa pili la kufanya. Kwa Kiingereza kazi inayoelezwa kwenye kurasa hizo huitwa troubleshooting, neno lililotokana na mafundi wa nyaya za telegrafu na simu waliotumwa kufuata laini mpaka wapate mahali ilipoharibika. Watafsiri wetu wamezoea kuiita "utatuzi wa matatizo". Tafsiri hiyo imeota mizizi, na hakuna anayeshindwa kuielewa. Hata hivyo inataja mwisho wa kazi na kuiacha kazi yenyewe bila jina. Kuunganisha waya kulimchukua yule fundi dakika chache. Ujuzi wake ulikuwa kujua apande nguzo gani. Kiswahili kinahitaji jina la ujuzi huo, na jina linalofaa ni "usakaji wa hitilafu". Ubora wake hauonekani sana kwenye pasi au feni, ambazo ama zinafanya kazi ama hazifanyi. Unaonekana kwa mnyama wa roboti, mashine iliyoundwa makusudi iwe na vituko.

Tuanze na neno lililopo. Tata, tatiza, tatizo na tatua ni ndugu wa mzizi mmoja, na tatua imo kwenye kauli ya kutendua, pamoja na fungua, zibua na kunjua. Anayetatua anaondoa msokotano ambao tayari uko mikononi mwake. Ndiyo maana neno limekaa vizuri kwenye utatuzi wa migogoro ya ardhi, wa kesi za mirathi, wa maswali ya hesabu: pande zinajulikana, milinganyo imeandikwa ubaoni, kilichobaki ni kufumbua. Kwa kuwa ni neno jema, tumelitwika mizigo mingi. Kwenye mipangilio ya simu za Android, hata kazi ya waandishi wa programu ya kutafuta makosa katika msimbo imepewa neno la mzizi huohuo. Mwanafunzi wa ufundi anayesoma kwa Kiswahili anabaki hana namna ya kutenganisha, kwa istilahi, hatua ya kutafuta chanzo na hatua ya kukiondoa, ilhali karakana zinazitenganisha kila siku, na nyingine hutoza bei mbili: ya kupima na ya kutengeneza.

Sasa mchukue AIBO, mbwa wa roboti. Sony walimtoa mwaka 1999, na wale 3,000 waliotengewa Japani waliuzwa kupitia intaneti kwa dakika 20, kila mmoja kwa yen 250,000. Timu iliyoongozwa na Toshitada Doi haikuwa inatafuta mtumishi wa nyumbani. Mbwa huyo alipewa silika, kama vile kutaka kupendwa, kutaka kuchunguza na kutaka kuchaji betri, na juu yake hisia sita za kukokotolewa: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na chuki. Amri ya mwenye mbwa iliingia kwenye hesabu hiyo kama kitu kimoja kati ya vingi, na mara nyingine ilishindwa. AIBO aliyeitwa akakaa kimya huenda alikuwa mzima kabisa. Huenda pia maikrofoni yake ilikuwa imeharibika, au betri ilikuwa inaelekea kuisha, au mvumo wa feni ulikuwa umemeza sauti ya bwana wake. Kwa anayetazama kutoka nje, mambo hayo manne yanafanana. Kumwambia mtu "tatua tatizo" hapo ni kumrusha hatua, kwa sababu swali la kwanza ni kama tatizo lipo.

Swali hilo watu huliruka upesi mno. Furby, mwanasesere mwenye manyoya aliyeanza kuuzwa Marekani mwaka 1998, alitoka dukani akizungumza lugha yake ya kubuni, kisha polepole akawa anachanganya Kiingereza. Waliomsikia waliamini anajifunza kwa kuwasikiliza. Januari 1999 ikajulikana kwamba NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, limempiga marufuku kuingia kwenye majengo yake ya Fort Meade, kwa hofu kwamba angenasa siri na kuzirudia. Kampuni ya Tiger, iliyomtengeneza, ililazimika kueleza kwamba mwanasesere huyo hana uwezo wa kurekodi chochote. Maneno yote yaliwekwa kiwandani; kilichobadilika kadiri siku zilivyopita ni ratiba ya kuyatoa. Hofu ilitangulia bisibisi, tena kwa watu ambao kazi yao ni kupeleleza.

Miaka hamsini kabla ya hapo, mjini Bristol, mwanasayansi wa ubongo William Grey Walter alikuwa ameonyesha njia nyingine. Aliunda kobe wawili wa mashine, Elmer na Elsie, kila mmoja akiwa na mota mbili, kihisi cha mwanga, kihisi cha kugongwa na vali mbili za redio mahali pa ubongo. Kobe hao walipowekwa mbele ya kioo walicheza-cheza kana kwamba wanajitazama. Walter alijua jinsi saketi ilivyopangwa: taa ndogo ya kichwani ilizimika kihisi kilipoona mwanga. Mbele ya kioo kihisi kiliiona taa hiyohiyo, taa ikazimika, mwanga ukapotea, taa ikawaka tena, na mwendo ukayumba kwa mzunguko huo. Kituko kilikuwa cha kweli na saketi ilikuwa nzima. Hapakuwa na la kutatua, ila palikuwa na mengi ya kutafuta, na kazi ya kuyatafuta ndiyo ambayo istilahi yetu ya sasa inaiacha nje.

AIBO wa zamani anatupa mifano iliyo wazi zaidi. Wenye toleo la ERS-210 waliufahamu vizuri ugonjwa wa kichwa kuinama na kukataa kunyanyuka. Sura yake ni ya mbwa mwenye majonzi, na kwa kuwa huzuni imo kweli kwenye programu yake, dhana ya kwanza huelekea huko. Fundi huuliza mengine. Je, kichwa kinageuka kushoto na kulia? Je, mbwa anaitikia akiguswa? Kama hayo yote yako sawa, na mota ya shingo inasikika ikizunguka bila kichwa kupanda, basi nguvu inapotea kati ya mota na kichwa, mahali penye klachi inayochakaa na kuanza kuteleza. Mfano wa pili ni mpira. AIBO huutambua mpira wake kwa rangi yake ya waridi, na rangi hubadilika machoni pa kamera taa ikibadilika. Timu za vyuo vikuu zilizoshindana kwa AIBO katika ligi ya miguu minne ya RoboCup, mashindano ya soka ya roboti, kuanzia 1999 hadi 2008, zililazimika kupanga upya majedwali ya rangi kwa taa za kila ukumbi, la sivyo mpira ungepotea ukiwa mbele ya pua. Kwa hiyo mbwa anayeukimbilia mpira asubuhi na kuupuuza usiku chini ya taa ya njano huenda hajabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni chumba.

Mfano wa tatu ndio unaonivutia zaidi. Programu ya AIBO na yale aliyojifunza vilikaa kwenye kadi ndogo ya Memory Stick iliyochomekwa mwilini. Mbwa akianza tabia isiyoeleweka, mtu angeweza kuchomoa kadi na kuweka nyingine inayofaa toleo hilohilo. Kituko kikiondoka na kadi, kimo kwenye programu au kumbukumbu. Kikibaki, kimo mwilini au chumbani. Jaribio moja limeondoa nusu ya mashaka, na mtu hajalegeza hata skrubu. Sharti lake ni moja: kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha kadi, kuchaji betri na kukunja zulia kwa pamoja anaweza kumpata mbwa mzima asijue kilichomponya, na kesho kutwa akarudi palepale. Kwa lugha ya sasa mtu huyo "ametatua tatizo". Hakuna aliyesaka hitilafu hapo.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatupa msaada ambao wenye Kiingereza hawana. Roboti iko ngeli gani? Wasemaji wamegawanyika: wengine husema roboti imeanguka, wengine ameanguka. Kwa mbwa wa roboti wengi wataelekea A-WA bila kufikiri: amelala, amenuna, anakataa kuja. Upatanisho huo huipa mashine nia kabla ya ushahidi. Lakini msako ukifika kwenye kiini chake, ngeli hugeuka yenyewe: "anakataa kuinua kichwa" inakuwa "klachi inateleza", na "ananipuuza" inakuwa "taa haitoshi". Sentensi ya dalili inaweza kubaki na mbwa kama mtendaji. Sentensi ya chanzo lazima imtaje mtendaji anayeweza kupimwa au kubadilishwa. Isipofika huko, msako haujaisha.

Kuna atakayesema kwamba lugha ya mnyama inapotosha na ingefaa ifukuzwe tangu mwanzo. Historia ya AIBO haiungi mkono ukali huo. Sony walisitisha utengenezaji mwaka 2006 na kufunga huduma ya matengenezo mwaka 2014, na kazi ikachukuliwa na mafundi wa kampuni ya A-Fun, baadhi yao wakiwa wamewahi kuajiriwa na Sony. Vipuri havikuwa vikitengenezwa tena, ikabidi vitolewe kwa AIBO waliokwisha kuharibika. Kuanzia 2015 mbwa hao walifanyiwa ibada ya maziko ya Kibudha katika hekalu la Kofukuji, Isumi, mkoani Chiba, kabla ya kufunguliwa, na waliotoa vipuri huzungumziwa kama wafadhili wa viungo. Wanaosema hivyo ni mafundi wanaotofautisha gia iliyopasuka na waya uliokatika kwa kupima. Bibi wa Kijapani anayesema mbwa wake amenuna tangu wiki iliyopita ametoa ushahidi wenye tarehe, kutoka kwa mtu aliyeishi na mashine hiyo miaka kumi. Fundi anayempuuza kwa sababu ya kitenzi alichotumia anatupa dalili nzuri jalalani.

Pingamizi zito zaidi linahusu neno hitilafu. Je, si kasoro tu kwa jina jingine, na je, halidhani tayari kwamba kuna kilichoharibika? Maana hiyo ipo, na ndiyo tunayoisikia TANESCO wanapotangaza hitilafu kwenye gridi ya taifa. Lakini neno lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya kutofautiana, na maana hiyo ingali hai: watu huhitilafiana, taarifa mbili za fedha huwa na hitilafu kati yake. Kwa kazi yetu maana zote mbili zinahitajika. Hitilafu ni tofauti kati ya mbwa alivyotarajiwa kufanya na alivyofanya, na msako unaweza kuishia kwenye klachi, au kuishia kwenye matarajio yenyewe, kama ilivyokuwa Fort Meade. "Tatizo" halina nafasi ya mwisho wa pili. Kitenzi saka nacho kinalaumiwa kwa kunuka polisi, na kweli neno msako limezoeleka usiku wa manane mitaani. Ni kitenzi cha wawindaji kabla ya kuwa cha askari, na kina sifa ambayo tatua haina: aliyesaka akarudi mikono mitupu bado amesaka, lakini asiyepata suluhisho hajatatua. Fundi aliyepima viungo vyote na kuthibitisha kwamba ni vizima amefanya kazi halali inayostahili jina, na malipo.

Wengine wangependelea utambuzi, kwa mfano wa daktari. Utambuzi ni tunda la msako, jina la ugonjwa likishajulikana. Uaguzi, ambao nao ungeweza kupendekezwa, umezingirwa na bao la mganga, ambalo huuliza ni nani aliyeutuma ugonjwa. Yaani swali lilelile la nia tunalojitahidi kuliahirisha. Ama hoja ya mazoea, kwamba watu wamekwisha kukubali "utatuzi wa matatizo", hiyo ina nguvu. Ngamizi na tarakilishi zilibuniwa kwa nia njema, na Watanzania wakaendelea kusema kompyuta. Tofauti ni kwamba saka na hitilafu hazibuniwi leo. Zote mbili zimo midomoni na magazetini, na zinachohitaji ni kuwekwa pamoja. Utatuzi wa matatizo ubaki kwa kazi nzima, tangu malalamiko mpaka kukabidhi kifaa, na usakaji wa hitilafu uchukue sehemu ya kutafuta. Minyambuliko yake haina taabu: kusaka hitilafu, msaka hitilafu, mwongozo wa kusaka hitilafu.

Haja ya kutenganisha sehemu hizo inakua. Toleo la ERS-1000, lililoingia sokoni Januari 2018 kwa yen 198,000, lina kamera puani na nyingine karibu na mkia inayotazama dari ili mbwa ajue yuko wapi chumbani, na mengi anayojifunza huhifadhiwa kwenye seva za Sony. Lile jaribio la kuchomoa kadi na kuweka nyingine halipo tena. Mwenye mbwa anaweza kupima betri, mwanga, sakafu na viungo. Upande wa kumbukumbu unasakwa na watu wa kampuni. Kijitabu cha Kiswahili cha mbwa huyo kikiandikwa siku moja na kurasa zake za mwisho zikaitwa "kusaka hitilafu", kichwa hicho kitamweleza msomaji kile hasa anachoweza kukifanya akiwa nyumbani. Kikiitwa "utatuzi wa matatizo", kitakuwa kimemwahidi na ile nusu iliyoko Tokyo.