Nyinyoro, Si Yungiyungi

Mwenye bustani katika mji wa Mwadui akiona baada ya mvua za kwanza ua la rangi ya waridi lenye ncha sita limechomoza juu ya kikonyo kitupu, katika ardhi ambayo kiangazi kilikuwa kimeikausha tangu Juni, huenda akaliita yungiyungi. Nami, kwa heshima zote, naona jina hilo halilistahili. Yungiyungi ni mmea wa majini, ambao majani yake huelea juu ya ziwa au bwawa. Ilhali ua hili, ambalo wataalamu huliita Zephyranthes na ambalo asili yake ni Amerika, hutoka katika kitunguu kidogo kilichofichama ardhini, nacho kikikaa penye maji yaliyotuama huoza. Neno stahiki tunalo tangu kale, nalo ni nyinyoro: lile ua letu jekundu la mviringo, ambalo nalo huibuka mvua zinyeshapo, na ambalo ni la ukoo mmoja na mgeni huyu. Basi na tuseme nyinyoro ya mvua.

Kuitambua si taabu: majani yake ni membamba mfano wa nyasi, na kila kikonyo hubeba ua moja tu, jeupe, la njano au la waridi. Udongo mzito wa mbuga uchanganye na mchanga kwanza, kisha panda penye jua. Watoto waonywe mapema, kwani kitunguu hicho, japo chafanana na cha jikoni, kina sumu.