Milima Isiyo na Mbuga

Ukimwuliza mtu kwenye steji ya matatu mjini Kisii njia ya kwenda kuona wanyama wa porini, atakutoa nje ya kaunti. Huenda akuelekeze magharibi, uteremke Rongo, upite Rodi Kopany, hadi bonde la Lambwe iliko Mbuga ya Taifa ya Ruma. Huenda akuelekeze kusini, Kilgoris kisha Lolgorian, hadi ukingo wa Oloololo ambako nyika ya Masai Mara inatandaa chini yako. Ukiuliza Nyamira utapata jibu lile lile. Kaunti hizi mbili hazina hata mbuga moja ya taifa, na shule zake zikitaka wanafunzi wamwone simba bila gharama kubwa, basi huenda Kisumu, kwenye hifadhi ndogo ya Impala iliyotengwa mwaka 1992 kando ya ziwa.

Lakini koo za Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi, zenyewe zina wanyama wao wa ishara. Abagirango ni watu wa chui. Ababasi ni watu wa pundamilia. Mkenya anayafahamu majina ya koo hizo kwa sababu ya uchaguzi: kuna Mugirango Kusini, Kaskazini na Magharibi, na kuna Bobasi. Sasa pundamilia si mnyama wa mlimani. Anataka nyasi fupi na uwanda mpana, na Bobasi ya leo ni miteremko ya migomba na chai. Mnyama huyo ni kumbukumbu iliyopandishwa mlimani na watu waliokuwa wamemzoea kwingine.

Masimulizi ya wazee, ambayo mwanahistoria William Ochieng' alifanya kazi kubwa ya kuyakusanya, yanasema Abagusii walitoka upande wa Mlima Elgon, wakakaa nyanda za Kano karibu na Kisumu, kisha wakapanda Kabianga, katika nchi ambayo leo ni ya Wakipsigis. Kabianga haikuwapokea vizuri. Baridi ilikuwa kali, ng'ombe wakafa, wimbi likakataa kukomaa. Walipoteremka upande wa Trans Mara, iliko Kilgoris ya leo, walikutana na Wamaasai, wakashindwa vitani, wakasukumwa juu zaidi, ndani ya milima yenye misitu ambayo wafugaji wa nyika hawakuitamani. Milima hiyo ndiyo Kisii na Nyamira tunazozijua.

Ilikuwa kimbilio, na kwa bahati yao ilikuwa nchi bora kuliko zote walizopitia. Sehemu kubwa iko kati ya mita 1,500 na 2,200 juu ya usawa wa bahari, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, udongo ni mzito na mwekundu. Mbung'o hawapendi kimo hicho. Mifugo haikuwa na ugonjwa wa mbung'o wa kuimaliza, na mtu aliyefyeka msitu leo alivuna msimu uleule. Vijana walikaa kwenye ebisarate, maboma ya ng'ombe yaliyokuwa mbali kidogo na nyumba za wazazi, wakilinda mifugo dhidi ya wavamizi na dhidi ya chui na fisi. Hakuna siku moja ambayo wanyama waliondoka. Kila shamba jipya liliwanyima kichaka kimoja. Katika miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki nzima ikiua ng'ombe, nyati na twiga bila kubagua, na popote watu walipokuwa wengi, nyati hawakupata nafasi ya kurudi.

Waingereza walifungua kituo chao Getembe, yaani mji wa Kisii, mwaka 1907. Januari 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki afisa wao, Geoffry Northcote, baada ya kuhimizwa, kama inavyosimuliwa, na mama mtabiri Moraa. Northcote alipona na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Kwa kulipiza kisasi, Waingereza waliwachomea Abagusii nyumba na kuwanyang'anya maelfu ya ng'ombe. Mwaka uliofuata, 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, aliwinda kwenye nyika zilizoitwa Sotik, akikusanya ngozi na mafuvu kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Kwa hiyo katika kipindi kifupi serikali moja ilikuwa ikiwapiga watu wa mlimani kwa bunduki na kuwapa wageni mashuhuri leseni za kuwapiga simba wa uwandani. Sheria ya uwindaji ya wakati huo haikuwa na nafasi kwa mwenyeji mwenye mkuki.

Mipaka iliyofuata ndiyo iliyoamua mengi. Mikataba ya 1904 na 1911 iliishia kuwahamishia Wamaasai kusini, na Trans Mara ikawa upande wao. Ebisarate zilipigwa marufuku mnamo 1912 na 1913, vijana wakarudishwa nyumbani, malisho ya pembezoni yakaanza kulimwa. Upande wa Sotik yakawekwa mashamba ya walowezi, yakawa ukuta kati ya Abagusii na Wakipsigis. Watu wa mlimani walizungushiwa mstari, na ndani ya mstari huo wakaongezeka. Kahawa iliruhusiwa katikati ya miaka ya 1930, Kisii ikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Waafrika kupewa ruhusa hiyo. Pareto na chai vikafuata. Baada ya uhuru sehemu ya mashamba ya walowezi iligawiwa Abagusii, ikawa Borabu. Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Kisii na watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Vilima vilivyobaki na miti, kama Nyangweta huko Mugirango Kusini, ni visiwa vidogo, na mabonde mengi yenye chemchemi yamepandwa mikaratusi inayokunywa maji mchana na usiku.

Lambwe ilipita njia nyingine kabisa, na ajabu ni kwamba zamani faili yake ilikuwa meza moja na ya Kisii. Hadi mwaka 1961, ofisi ya Kisii ndiyo iliyotawala wilaya yote ya South Nyanza, kuanzia milima ya chai hadi pwani ya ziwa na hadi mpaka wa Tanganyika. Bwana DC mmoja alisoma ripoti za watu kubanana mlimani, akageuza ukurasa, akasoma ripoti za bonde tupu lenye rutuba kilomita chache tu kutoka Homa Bay. Utupu huo ulikuwa na sababu yake. Bonde la Lambwe, lililobanwa kati ya ukingo wa Kanyamwa na vilima vya Gwassi na Ruri, lilijaa mbung'o, na mbung'o walibeba malale. Mtu aliyejenga humo alipoteza ng'ombe wake kwanza, kisha akaanza kusinzia mwenyewe. Serikali ilijaribu kufyeka vichaka na kuwaweka watu pembezoni, lakini katikati palibaki pa wanyama.

Mwaka 1966 sehemu hiyo ilitangazwa hifadhi ya wanyama ya Lambwe, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120. Malale hayakuwa hadithi ya kale wakati huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlipuko mwingine ulikuwa ukiendelea pale pale, na dawa ya kuua mbung'o ilikuwa ikinyunyizwa kutoka angani. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema mbuga hii ilichaguliwa kwa uzuri wake. Ni nzuri, kweli, lakini ililindwa na mdudu kabla ya kutengwa na serikali.

Aliyefaidika zaidi ni korongo, swala mkubwa kama farasi, uso wake mweusi wenye mabaka meupe, masikio marefu yenye kishungi nchani, pembe zilizopinda kurudi nyuma. Zamani alikuwepo sehemu kadhaa za Kenya. Wengine walihamishwa kutoka vilima vya Ithanga kwenda Shimba Hills katika miaka ya 1970, hawakudumu. Sasa Ruma ndiyo makazi yake ya mwisho nchini, na sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15 tu. Mitego ya nyaya iliwamaliza wengi, nyasi zinazochomwa ovyo zikawanyima malisho na maficho, na kundi dogo namna hiyo halistahimili miaka miwili mibaya. Kati ya 2011 na 2012 faru waliletwa Ruma, na faru wakija huja na ua wa umeme na askari wenye silaha. Korongo naye amefaidi ulinzi uliolipiwa kwa jina la mwenzake. Anayekwenda leo ataona twiga, nyati, kongoni na taya kwa urahisi, na kuanzia Aprili hivi anaweza kuona mbayuwayu wa buluu, ndege mhamaji wa Afrika ambaye katika hifadhi nyingine za Kenya ni nadra kumwona. Magari ni machache. Unaweza kuendesha saa nzima bila kupishana na mtu.

Mara ina umaarufu wa kutosha, nami sitaurudia. Ilianza mwaka 1948 kama kipande cha kilomita za mraba 520 katika pembetatu iliyo chini ya Oloololo, ikapanuliwa mwaka 1961 na kuwekwa mikononi mwa baraza la Narok, kisha ikapunguzwa hadi kufikia kilomita 1,510 mwaka 1984. Kaunti nzima ya Kisii, pamoja na watu wake milioni moja na robo, ni kama kilomita 1,320. Ingeingia ndani ya hifadhi hiyo na nafasi ikabaki.

Biashara imeiunganisha milima ya Kisii na mbuga hizi jirani kwa namna nyingine. Huko Tabaka, Mugirango Kusini, jiwe laini huchimbwa kwa mikono kwenye mashimo ya wazi, jeupe, la waridi, mara nyingine la kijivu. Mchongaji huanza na panga, akilikata jiwe vipande hadi mgongo wa tembo utokeze, kisha hushika kisu kwa masikio na mkonga. Wanawake hukaa na beseni la maji wakilisugua kwa msasa, hadi vumbi jeupe linapowafika viwiko. Baada ya rangi na nta, tembo huyo, au kiboko, au faru, hufungwa kwenye majani ya migomba na kupakiwa kwenda Nairobi, Mombasa na maduka ya watalii njiani kuelekea mbugani. Wachongaji wengi hawajawahi kulipa kiingilio cha mbuga yoyote, na umbo la kifaru wanalijua kwa mikono kuliko askari wengi wa mbuga wanavyolijua kwa macho.

Kati ya Kisii na Mara upo bado msitu wa Nyakweri, upande wa Lolgorian, ambako tembo hupanda kutoka hifadhini kuzaa. Hauna ulinzi wa mbuga. Ardhi iliyokuwa ya ranchi za pamoja imekatwa vipande, kila mwenye kipande amepata hati yake, na wengi wameanza kwa kuchoma makaa, kisha kupanda mahindi. Tembo hawajabadili njia yao, kwa hiyo usiku huingia kwenye mahindi, na asubuhi wenye mashamba huenda kudai fidia ambayo huchukua miaka kulipwa. Kazi ya kufyeka iliyochukua vizazi kadhaa kwenye milima ya Kisii, Bobasi na Nyaribari, hapa inafanywa kwa msumeno wa mota.