Treni Zilifika kwa Wakati, Halafu?

Wiki iliyopita niliweka video kuhusu ufisadi. Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote ilikuwa hii: nchi hii inahitaji dikteta mmoja mzuri, miaka miwili tu, kila kitu kinyooke. Sikukasirika. Nimeisikia kwa matatu, nimeisikia kwa kinyozi, hata mjomba wangu huisema tukiwa mezani. Watu wamechoka, naelewa.

Lakini hiyo dawa ilishajaribiwa, tena kwa karibu muda huo huo mnaoutaka. Ilikuwa miezi 21, nchini India, kutoka Juni 1975 hadi Machi 1977. Leo hakuna video, leo ni kusoma. Tulieni kidogo.

Stori inaanza na chakula cha hosteli. Mwisho wa 1973, wanafunzi wa uhandisi mjini Ahmedabad, jimbo la Gujarat, waliongezewa pesa za chakula wakakataa. Ungedhani ni fujo za chuo zitakazoisha Ijumaa. Lakini bei za vitu zilikuwa zimepanda nchi nzima, mafuta ndiyo usiseme, na maandamano yakatoka chuoni yakaingia mitaani. Kufikia Februari 1974 kiongozi wa serikali ya jimbo alikuwa amejiuzulu. Moto ukahamia jimbo la Bihar, ambako wanafunzi walimwomba mzee mmoja mpigania uhuru awaongoze. Jina lake Jayaprakash Narayan, wenyewe wanamwita JP. Mwezi wa Mei wafanyakazi wa reli nao wakagoma, na serikali ikavunja mgomo huo kwa kukamata maelfu.

Waziri mkuu alikuwa Indira Gandhi. (Hapana, si mtoto wa Mahatma Gandhi. Ni binti ya Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India.) Mwaka 1971 alikuwa ameshinda uchaguzi kwa kishindo na kushinda vita dhidi ya Pakistan. Alionekana haguswi.

Halafu mahakama ikamgusa. Raj Narain, mpinzani aliyeshindwa naye katika eneo bunge la Rae Bareli, alikuwa ameenda kortini. Tarehe 12 Juni 1975, Jaji Jagmohanlal Sinha wa Mahakama Kuu ya Allahabad alifuta ushindi wa Indira na kumzuia kushika cheo cha kuchaguliwa kwa miaka 6. Makosa yenyewe? Alimtumia mfanyakazi wa serikali katika kampeni, na maafisa wa jimbo walimjengea majukwaa na kumwekea umeme wa vipaza sauti. Kwa viwango vyetu unaweza kucheka. Lakini sheria ilikuwa sheria, na jaji hakuangalia uso wa mtu.

Alikata rufaa, akaruhusiwa kubaki ofisini kwa muda bila haki ya kupiga kura bungeni. Jioni ya 25 Juni (najua kwetu tarehe hiyo ina uzito wake, hii ni sadfa tu), JP alihutubia umati mkubwa Delhi, akawaambia polisi na wanajeshi wasitii amri zisizo halali. Usiku huo huo, kabla ya saa sita, Rais Fakhruddin Ali Ahmed alitia sahihi tangazo la hali ya hatari.

Sasa angalia jinsi ilivyofanywa, kwa sababu hapa ndipo somo lilipo. Hakuna kifaru kilichoonekana barabarani, hakuna jenerali aliyesoma tangazo redioni. Kila kitu kilikuwa na kifungu cha sheria. Katiba ya India, Kifungu 352, iliruhusu hali ya hatari kukiwa na "vurugu za ndani", maneno mapana kama mlango wa godauni. Baraza la mawaziri liliambiwa asubuhi, mambo yakiwa yameshaisha. Umeme ulikatwa usiku katika mtaa wa Delhi wenye mitambo ya kuchapa magazeti, kwa hivyo magazeti mengi hayakutoka. JP alikamatwa kabla ya jua kuchomoza. Kisha mama akaingia redioni kuwaambia wananchi hakuna haja ya kuwa na wasiwasi.

Watu zaidi ya 100,000 waliwekwa ndani katika miezi hiyo. Magazeti yaliwekewa wakaguzi. Indian Express liliacha nafasi ya tahariri ikiwa tupu, karatasi nyeupe, na kila msomaji akaelewa. Mtu mwingine alipeleka tangazo la kifo kwa Times of India likapita bila mkaguzi kushtuka: marehemu ni Demokrasia, jina limefichwa kijanja kama la mzee fulani, na anaomboleza pamoja na wengine mkewe Ukweli. Manze, hao watu walikuwa wanatengeneza mimi kabla ya intaneti.

Bunge, wapinzani wengi wakiwa jela, likabadilisha katiba ili kesi ya uchaguzi wa waziri mkuu isiguswe na mahakama. Baadaye likajiongezea muda, kutoka miaka 5 hadi 6. Kwa sheria, tena.

Na mahakama? Familia za waliofungwa zilikwenda kuuliza swali rahisi: serikali inaweza kumfungia mtu wetu bila kueleza sababu? Katika Mahakama ya Upeo, Jaji H. R. Khanna alimuuliza mwanasheria mkuu: polisi akimuua mtu kwa sababu ya kisasi chake binafsi, je, kuna pa kushtaki? Jibu lilikuwa kwamba wakati wa hali ya hatari, hapana. Tarehe 28 Aprili 1976 majaji 4 kati ya 5 walikubaliana na serikali. Khanna peke yake alikataa. Miezi michache baadaye alirukwa katika zamu ya kuwa jaji mkuu, kiti akapewa mdogo wake kikazi. Akajiuzulu.

"Lakini treni zilifika kwa wakati." Ndiyo, hii ndiyo sifa ambayo hadi leo wanaoitetea hali ya hatari huitaja. Watumishi wa serikali waliwahi kazini, migomo ikaisha. Sawa. Sasa uliza nani alilipa nauli.

Mtoto wa Indira, Sanjay Gandhi, hakuwa na cheo chochote serikalini, lakini neno lake lilikuwa amri. Alitaka idadi ya watu ipunguzwe. Katika mwaka 1976 hadi 1977 zaidi ya watu milioni 8 walifungwa uzazi, wengi wao wanaume maskini. Walimu wengine walinyimwa mishahara hadi walete idadi waliyowekewa. Kule Delhi, mtu aliyebomolewa nyumba angeweza kujikuta anadaiwa cheti cha upasuaji ili apate kipande cha ardhi. Aprili 1976 tingatinga zilifika Turkman Gate, mtaa wa Waislamu wengi katika Delhi ya zamani. Wakazi walipokataa kuondoka, polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Gazeti gani lingeandika?

Hapa ndipo ninapotaka kujibu ile komenti. Dikteta mzuri anahitaji kujua ukweli ili awe mzuri. Lakini ukishawafunga wanaosema ukweli, utaambiwa nini isipokuwa kwamba unapendwa? Januari 1977 Indira aliitisha uchaguzi. Kwa nini hasa, bado watu wanabishana. Mimi naamini alikuwa amesoma magazeti yake mwenyewe kwa muda mrefu sana.

Machi 1977 wapiga kura walijibu. Katika Uttar Pradesh na Bihar, majimbo mawili yenye viti zaidi ya 130, chama chake cha Congress hakikupata hata kimoja. Kusini, ambako makali hayo hayakuwachoma watu vile, bado kilishinda. Indira mwenyewe alibwagwa Rae Bareli na nani? Raj Narain, yule yule wa kesi. Sanjay naye akaanguka.

Sitaki kuwauzia hadithi tamu. Muungano ulioshinda uligombana hadi ukavunjika, na Januari 1980 Indira akarudi madarakani. Lakini alirudi kwa kura, na alikuta mlango umewekwa kufuli. Mwaka 1978 "vurugu za ndani" ziliondolewa kwenye katiba, zikawekwa "uasi wa silaha". Baraza la mawaziri lazima liandike ushauri wake, na haki ya kuishi haiwezi tena kusimamishwa. Ile hukumu ya 1976 ilitupwa rasmi mwaka 2017, na mmoja wa majaji walioitupa, D. Y. Chandrachud, ni mtoto wa mmoja wa wale wanne. Mtoto alimwambia baba ulikosea. Ilichukua miaka 41.

Sisi pia tuna kufuli. Fungua Katiba ya 2010, Kifungu 58: hali ya hatari ni siku 14, kuiongeza kunahitaji thuluthi mbili ya Bunge la Kitaifa, na Mahakama ya Upeo inaweza kuamua kama ni halali. Kifungu 25 kinasema haki ya kupelekwa mbele ya korti haipunguzwi na yeyote. Lakini India nayo ilikuwa na katiba nzuri, bunge na majaji wasomi. Kilichokosekana usiku ule ni watu wa kutosha walioshika kalamu wakakataa kutia sahihi.

Kwa hivyo mjomba, na wewe wa komenti, siku mkimpata huyo dikteta mzuri wa miaka miwili, nitawauliza kitu kimoja tu. Akikosea mwezi wa pili, nani atamwambia, na atamwambia akiwa wapi?