Migomo ya Bandarini na Waliotuandikia Habari Zake

Januari 13, 1947, Mombasa ilisimama. Makuli wa bandarini waligoma, wakafuatwa na wafanyakazi wa reli, wa manispaa, wa mahotelini, hata wapishi na watumishi wa majumbani. Jumla yao ilikadiriwa kufika 15,000. Mikutano yao ilifanyika katika uwanja waliouita Kiembeni, na chama kilichotokana na mgomo huo, African Workers Federation, kikaongozwa na kijana Chege Kibachia. Agosti ya mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, akawekwa kizuizini Kabarnet kwa takriban miaka kumi.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepandisha bei za chakula na nguo, ujira ukabaki nyuma, na hali ilikuwa hiyohiyo pwani nzima. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata reli kuingia bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja.

Wa kwanza kuiandika historia hii kwa upana alikuwa mmoja wa waliopigana ndani yake. Makhan Singh, aliyetamka hadharani Kaloleni, Nairobi, mwaka 1950 kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru, alizuiliwa hadi 1961. Mwaka 1969 alichapisha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, na hadi leo mtafiti makini hawezi kuiruka. Mwanahistoria John Iliffe aliwafuatilia makuli wa Dar es Salaam. Mwanahistoria mwenzake Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu Mombasa, alionyesha kwamba migomo iliwalazimisha watawala kubadili mfumo wenyewe wa kazi: badala ya vibarua wa siku, waliajiri watu wa kudumu, wakitumaini kwamba mwenye ajira ya uhakika na familia mjini angekuwa mtulivu. Lakini wafanyakazi wa kudumu ndio waliokuja kujenga vyama imara.

Msomi wa sheria Issa Shivji ndiye aliyetupeleka mahali pagumu zaidi, yaani baada ya uhuru. Maasi ya jeshi ya Januari 1964 yalifuatiwa na kukamatwa kwa viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi Tanganyika. Shirikisho lao, TFL, likavunjwa, kikaundwa chama kimoja, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Kenya nayo ilipata shirikisho lake, COTU, mwaka 1965, na serikali haikukaa mbali nalo. Vyama vilivyosaidia kuuleta uhuru vikafungwa kamba na uhuru wenyewe.

Hata hivyo sauti haikuzimika. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara, ulipokataza viongozi kuwadharau na kuwaonea watu, wafanyakazi wa viwandani waliuchukua kama ulivyoandikwa. Waligoma, wakawafungia nje mameneja wenye jeuri. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973, walifika hadi kukishika kiwanda. Malalamiko mengi hayakuhusu mshahara hata kidogo. Walichodai ni heshima, na haki ya kumwajibisha mkubwa. Kwangu mimi hayo ni madai ya demokrasia kamili, yaliyotolewa miaka ishirini kabla ya Tume ya Nyalali iliyopendekeza vyama vingi Tanzania. Lakini historia ya vyama vingi inaposimuliwa, huanza na tume, wahisani na wanasiasa, kana kwamba wafanyakazi hao hawakuwahi kusema neno.

Sababu moja ni kwamba tafiti kubwa nilizozitaja ziliandikwa kwa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili aliyekutana na mgomo wa Unguja wa 1948, mara nyingi alikutana nao katika riwaya ya Shafi Adam Shafi, *Kuli*, iliyotoka 1979. Riwaya hiyo imefanya kazi ambayo wanahistoria walipaswa kuifanya pamoja nayo. Vijana waliogoma mwaka 1971 sasa ni wazee, na wengine wametangulia. Idara za historia za vyuo vyetu na ziwahi kuwarekodi waliobaki, kwa lugha waliyogomea, na vitabu vya Makhan Singh na Shivji vitafsiriwe ili wajukuu wao wavisome.