Kibarua, Kuli na Kontena

Neno kibarua lilianza kama karatasi: barua ndogo ambayo mwajiri aliitia alama kwa kila siku iliyofanyiwa kazi. Baadaye jina likahama kutoka kwenye karatasi likamwangukia aliyeishika.

Bandari ya Kilindini, Mombasa, ilisimama juu ya mabega ya watu hao. Meli ikitia nanga, makuli waliitwa. Iking'oa nanga, ujira ulikatika. Kampuni ziliupenda mtindo huo, maana siku isiyo na meli haikuwa na mtu wa kulipwa. Wapo makuli walioupenda pia: mtu alifanya zamu chache, akarudi shambani bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia maisha ya mjini yalipanda bei. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, hata wa majumbani, wakawa wanakutana kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti na kupelekwa Baringo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeona hatari ya kazi ya kutwa: mtu asiye na kazi ya kudumu huwezi kumtisha kwa kumfukuza kazi. Ndiyo maana makuli waliandikishwa katika orodha. Mgomo wa 1955, ambao kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Tom Mboya alishiriki kuusuluhisha, uliwapa nguvu zaidi. Ila orodha ilipofungwa, aliyekuwa nje alibaki nje, na hilo halisemwi vya kutosha vyama vya wafanyakazi vinaposifiwa.

Mwaka uliofuata, 1956, mashine ilianza kumnyang'anya kuli mzigo: huko Marekani meli Ideal-X ilitoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Makuli wa San Francisco na pwani yote ya magharibi ya Marekani, chini ya kiongozi wa chama chao Harry Bridges, waliiona mashine ikija wakaidai bei: kwa mkataba wa 1960, waajiri walikubali kuweka dola milioni 29 katika mfuko wa kulinda ujira na kuwastaafisha wazee mapema. Vibarua wasiosajiliwa hawakuwamo.

Kilindini nako winchi ikachukua nafasi ya mabega, lakini kazi ya kufungua mzigo haikufa, ilihama. Mwaka 1984 bandari kavu ya Embakasi ilifunguliwa Nairobi, na makontena yakaanza kupita Mombasa yakiwa yamefungwa, kuelekea bara. Mengine hufunguliwa kwenye maghala nje ya uzio wa bandari, ambako anayeshusha magunia bado huitwa kibarua, na bado hulipwa kwa siku.