Sampuli ya Vishada na Takwimu za Afya Nchini Rwanda: Swali la Gisimenti

1.0 Utangulizi

Gisimenti ni mtaa wa maduka, mikahawa na baa ulio katika Umurenge wa Remera, Wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Wengi wanaoujaza jioni, wafanyakazi na wateja vilevile, hulala kwingine. Kwa sababu hiyo mtaa huu unafaa kuulizia swali linalogusa moja kwa moja mipango ya afya: takwimu iliyopatikana kwa sampuli ya vishada humwakilisha nani? Makala haya yanafuatilia historia ya mbinu hiyo nchini Rwanda na kudai kwamba, ingawa imeliwezesha taifa kujijua, haijampa mtungaji wa sera haki ya kuusemea mtaa mmoja.

Kishada ni kundi la watu wanaoishi jirani, kwa mfano kijiji. Badala ya kuorodhesha wananchi wote, mtafiti huteua vijiji kadhaa, kwa kawaida kwa kuzingatia ukubwa wa idadi ya watu wake, kisha huteua kaya ndani ya vijiji hivyo. Gharama ya safari na ya kuandaa orodha hupungua. Hata hivyo, majirani hufanana kwa kipato, maji wanayokunywa na magonjwa yanayowapata, na kufanana huko kuna bei yake.

2.0 Bei ya ujirani

Bei hiyo ilijulikana mapema katika tathmini za chanjo. Shirika la Afya Duniani lilianzisha Mpango Mpana wa Chanjo mwaka 1974, na mwaka 1982 Henderson na Sundaresan walichapisha mapitio ya uzoefu wa kutumia vishada 30 vyenye watoto 7 kila kimoja. Hesabu yake ni nyepesi. Sampuli nasibu sahili huhitaji watoto 96 ili kukadiria kiwango cha chanjo kwa ukingo wa makosa wa pointi 10 za asilimia. Kwa kuwa majirani hufanana, idadi hiyo iliongezwa maradufu kuwa 192. Ikigawanywa kwa vishada 30 hupatikana watoto 6.4, nao wakafanywa 7. Jumla ikawa 210. Mbinu hiyo ilikusudiwa kukadiria kiwango cha eneo zima. Watoto 7 wa kishada kimoja hawatoshi kukihukumu kijiji chao.

3.0 Kutoka hospitalini hadi kwenye jamii

Mwaka 1984 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya wagonjwa 26 wenye Ukimwi au dalili zake za awali waliotambuliwa jijini Kigali. Taarifa hiyo ilithibitisha kuwapo kwa ugonjwa, lakini waliofika hospitalini hawakuweza kuonesha ukubwa wa maambukizi katika jamii. Desemba 1986 Rwanda ilifanya utafiti wa damu wa kitaifa uliowafikia watu katika jamii, mmojawapo wa tafiti za kwanza za aina hiyo duniani. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1989, yalionesha maambukizi ya asilimia 17.8 mijini na asilimia 1.3 vijijini.

Uzito wa matokeo hayo ulitokana na kutenganishwa kwa miji na vijiji. Ikichukuliwa, kwa ajili ya mfano, kwamba watu 6 kati ya 100 waliishi mijini, wastani wa taifa ungekuwa takriban asilimia 2.3. Tarakimu hiyo peke yake ingeuficha msiba wa miji.

4.0 Orodha iliyovunjika

Kila sampuli ya vishada hutegemea orodha ya maeneo, na orodha hiyo hutoka katika sensa. Sensa ya 1991 ilipoteza thamani hiyo ndani ya miaka 3. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, pamoja na ukimbizi uliofuata, yalibadilisha kabisa nani aliishi wapi.

Goma, ng'ambo ya mpaka, ilionesha ugumu mwingine. Julai 1994 kipindupindu na kuhara damu viliwavamia wakimbizi, na karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza. Watafiti walilinganisha idadi ya maiti zilizokusanywa na matokeo ya tafiti za kambini. Ulinganisho huo ulikuwa wa lazima: kaya ambayo watu wake wote wamefariki haina wa kujibu dodoso.

Uimara wa orodha ulirejea hatua kwa hatua. Taasisi ya Taifa ya Takwimu iliundwa mwaka 2005, na mageuzi ya utawala ya 2006 yaliifanya midugudu kuwa ngazi ya chini kabisa ya utawala. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2010 uliteua midugudu 492 na kaya 26 katika kila mmoja, yaani kaya 12,792. Ulikuta maambukizi ya VVU ya asilimia 3 kitaifa na asilimia 7.3 katika Jiji la Kigali.

5.0 Kile ambacho kishada hakikioni

Hapo ndipo swali la Gisimenti linaporudi. Kwanza, Gasabo ina mirenge 15: Remera yenye shughuli za mjini imo pamoja na Rutunga na Gikomero zenye mashamba. Wastani wa wilaya hauwezi kuelezea upande wowote kati ya hizo kwa usahihi. Pili, viashiria vingi vya tafiti za kaya hukokotolewa kwa waliolala katika kaya usiku uliotangulia. Mhudumu wa baa ya Gisimenti huhesabiwa anakolala, na mlinzi wa usiku anaweza asihesabiwe popote.

Mbinu mbadala ipo. Katika sampuli ya mahali na wakati, kishada huwa ni mahali fulani, siku fulani na saa fulani. Mbinu hiyo ilitumika nchini Rwanda mwaka 2010 miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, na maambukizi yalikuwa asilimia 51. Asilimia 3 na asilimia 51 zilitoka nchi moja, mwaka mmoja. Hazipingani, zinajibu maswali mawili tofauti.

6.0 Hitimisho

Historia hii inawadai washauri wa sera mambo matatu kabla ya kugawa fedha, dawa au watumishi: waulize orodha ya vishada ilitoka sensa ya mwaka gani, ngazi ya chini kabisa ambayo sampuli ilikusudiwa kuisemea ni ipi, na nani alikuwa nje ya kaya siku ya dodoso. Kituo cha afya kinachopangiwa huduma kwa wastani wa wilaya kinaweza kufunga milango saa ileile ambayo wanaokihitaji wanaanza kazi.