Shilatembo, mahali kamera haikufika

Anayetoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, akishaacha Likasi nyuma, hupita karibu na Shilatembo. Porini hapo, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi mbele ya Tshombe, maofisa Wabelgiji wakiwapo. Baadaye miili ilifukuliwa, ikakatwa vipande, ikayeyushwa kwa asidi ya sulfuri, asidi ileile ya viwanda vya shaba.

Hakuna kamera iliyokuwapo. Picha za mwisho za Lumumba akiwa hai zinazojulikana sana ni za Desemba 1960: amefungwa mikono, askari wanamvuta nywele ndani ya lori.

Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti, aliletwa Léopoldville akiwa mtoto wa miaka 8, wazazi wake walipokuja kufanya kazi Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa filamu ya kumbukumbu, « Lumumba, la mort d'un prophète ». Alitaka kuja kupiga picha nchini, lakini akaonywa kwamba usalama wa Mobutu unamngojea. Akabaki Brussels, akapiga picha za barabara zenye baridi. Picha za zamani za Kongo alitakiwa kuzinunua: kampuni moja ya Uingereza ilidai dola 3.000 kwa dakika. Kwa hiyo Mkongomani akitaka kumuona Lumumba wake, alipe Ulaya! Palipokosa picha, Peck aliweka masimulizi ya mama yake.

Usiku ule wa Katanga ukabaki giza. Ndipo mwaka 2000 akarudia habari hiyohiyo kwa filamu ya kuigiza, « Lumumba », Eriq Ebouaney akiwa Lumumba. Kongo ilikuwa vitani, basi wakaigizia Zimbabwe na Beira, Msumbiji. Sasa pori linaonekana, taa za magari, watu watatu, na wazungu wawili wakihangaika na miili. Ni maigizo, ndiyo. Lakini hayakubuniwa hewani: mwaka 1999 Ludo De Witte, Mbelgiji, alikuwa ametoa kitabu juu ya mauaji hayo, na afisa wa polisi Gérard Soete alikubali hadharani kwamba aliyeyusha miili, akahifadhi meno.

Jino moja lilirudishwa kwa familia Juni 2022. Kabla ya kuzikwa Kinshasa, jeneza lilipitishwa Shilatembo. Siku hiyo kamera zilikuwapo. Mpolo na Okito hawakuwa na hata jino la kuzika.